Nyumba ya Mlango Mmoja

Kabla ya kupata nyumba yake mwenyewe, Drusilla Pelley aliishi katika nyumba tatu: ya baba yake, Eleazar Hounsell, kisiwani, ya shangazi yake Keziah, alikosugua sakafu miaka minne, na ya mama mkwe. Katika zote, walio hai walipita mlango wa jikoni. Ule wa mbele, usio hata na ngazi, ulifunguliwa kwa ajili ya kasisi na jeneza tu. Drusilla aliuona ukifunguliwa kwa jeneza mara tatu, na wa kwanza kutolewa alikuwa baba yake.

Kwa hiyo, alipoichora nyumba ya ndoto zake nyuma ya kalenda kuukuu, aliweka madirisha saba, sebule yenye karatasi ya maua ukutani, na mlango mmoja tu, wa jikoni.

Mwaka 1966 serikali ilipowahamisha watu wa kisiwa kwenda Hodder Cove, bara, ng'ambo ya pili ya maji, mumewe Hezekiah aliijenga vilevile. Seremala Garland Vincent, ambaye kila mtu alimwita Mjomba, alisimama mbele ya ukuta wa sebule, penseli sikioni.

"Drusilla mwanangu, maiti atapitia wapi? Dirishani kama paka?"

"Humu hafi mtu, Mjomba. Wewe pigilia misumari."

Wanaume wakacheka. Mjomba Garland akapigilia misumari.

Majira ya baridi ya pili katika nyumba hiyo, mama yake Drusilla, Bibi Tryphena Hounsell, aliyehama nao, aliugua. Walimtandikia kitanda sebuleni. Daktari alimpa siku mbili. Zikapita wiki tano. Ngozi ikagandamana na mifupa, naye hakula wala hakufa. Daktari aliporudi alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akafunga mkoba wake, na hakuja tena.

Alasiri moja Hezekiah alikuwa msituni akikata kuni. Drusilla alikuwa akikanda unga wa mkate aliposikia hatua nje, juu ya theluji. Zilizunguka nyumba, zikakoma nyuma ya ukuta wa sebule.

Alichungulia dirishani. Theluji ilikuwa laini, haina alama.

Hatua zikaanza tena.

"Ni baba yako na wenzake," mama yake alinong'ona. "Wamenijia. Hawaoni mlango."

"Waambie wapite jikoni, mama."

"Jikoni ni kwenu. Si kwetu."

Drusilla alikimbilia mlango wa jikoni. Komeo likainuka. Mlango haukusogea. Akausukuma kwa bega. Akajaribu dirisha, kisha jingine. Yote saba hayakufunguka.

Ukuta wa sebule ukagongwa. Mara tatu. Kila pigo, mama yake aliguna kama aliyegongwa yeye.

"Nifungulie, Drusilla. Unaniumiza."

Shoka lilikuwa kando ya jiko. Alilitazama. Aliitazama karatasi ya maua, aliyoiota katika nyumba zote za watu.

Akapiga.

Ubao wa tatu ulipovunjika, baridi iliingia. Bibi Tryphena alivuta pumzi moja, ndefu, akanyamaza. Kule jikoni, mlango ukafunguka wenyewe.

Hezekiah alimkuta mkewe ameketi, shoka mapajani. Alimfumba marehemu macho, kisha akatoka kulitazama tundu. Nyayo zilianzia pale, za wanaume sita, watatu huku na watatu huku, zimezama kama za watu waliobeba mzigo. Zilishuka hadi kwenye bahari iliyoganda barafu, zikaelekea kisiwani. Hakukuwa na nyayo za kuja.

Mjomba Garland alitia mlango pale pale, na Bibi Tryphena akatolewa kwa njia hiyo, kama inavyostahili. Drusilla akadhani yamekwisha.

Theluji iliyeyuka mwezi Aprili. Mbele ya mlango ule mpya, majani yalikuwa yamekauka katika umbo la nyayo, jozi sita, zimesimama kwa utulivu, zikingoja.

Ncha za viatu zilielekea ndani.