Nani Kasema Wamekubali?

Kila Jumatatu mstarini shuleni, Candida ndiye aliyesoma habari za mtaa. Tangu aje kutoka Rombo kuishi na shangazi yake Kariakoo, rafiki alikuwa naye mmoja tu, Moza, ambaye mama yake, Bi Zamda, aliuza vitenge barabarani nyuma ya soko.

Jumatatu hiyo alisoma kwa madaha, "Wamachinga wote wa nyuma ya soko wamekubali kuhama!" Wanafunzi wakapiga makofi. Moza hakupiga.

Wakati wa mapumziko Moza alimjia juu. "Mama yangu ulimuuliza lini?"

"Sikumuuliza. Nilinakili taarifa ya ofisi ya soko, ile iliyobandikwa ubaoni."

"Mbona hukusema ni yao? Mama hajakubali, na sasa shule nzima inaamini amekubali!"

Moza akaondoka na mihogo yake. Kwa siku nne Candida alikula peke yake kando ya bomba la maji la shule. Kariakoo nzima ilifurika watu, lakini yeye hakuwa na hata mmoja wa kumwambia neno.

Ijumaa, Mwalimu Rogath alimkuta pale.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umejitenga?"

Candida alimweleza yote huku akilia.

"Ofisi ndiyo iliyosema," mwalimu akamwambia. "Wewe ulisoma kana kwamba ulishuhudia. Na wamachinga je, hawana midomo?"

Jioni Candida alienda kwa mama Moza. "Shikamoo, mama. Nisamehe. Nimekuja kukuuliza."

Mama aliweka mkasi chini. "Marahaba, mwanangu. Ofisini hawakuniuliza. Andika kwamba sijakubali."

Jumatatu alisimama tena mstarini. "Wiki iliyopita nilikosea. Kwa mujibu wa taarifa ya ofisi ya soko, wamachinga wote wamekubali kuhama. Lakini Bi Zamda, muuza vitenge, ameniambia hakuulizwa wala hajakubali."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Rogath akasogea mbele. "Mmesikia? Habari ukipewa, mtaje aliyekupa, kisha mtafute na anayehusika. Hapo msikilizaji atapima mwenyewe, na wewe hutamsemea mtu asichosema."

Mapumziko yalipofika, Candida alikwenda bombani kama kawaida yake. Alikuwa hajauma muhogo wake aliposikia sauti nyuma yake.

"Sogea basi," Moza akasema, akaketi.