Jina Kwenye Bomba la Juu

Eustadia aligonga fremu mara kumi na moja, akasikia milio kumi na miwili.

Ndivyo fremu ya baiskeli ya kaboni inavyopimwa. Macho hayatoshi, maana kaboni hupasuka kwa ndani huku nje ikikuchekea. Unachukua sarafu, unagonga taratibu kutoka shingoni hadi nyuma, unasikiliza. Penye uzima panalia ti, kavu. Penye ufa panalia du, kama boga bovu. Eustadia alitumia sarafu ya faranga mia, na kila alipogonga palilia ti. Akaiweka mezani, akageuka kuchukua kitambaa. Nyuma yake ikalia ti nyingine, moja tu, kutoka kwenye bomba la juu.

Aligeuka. Fremu ilikuwa inaning'inia kwenye waya, haina magurudumu, haina usukani, imetulia. Akajiambia ni masikio. Fundi rangi aliyekaa miaka kumi na tisa na kelele za kompresa ana ruhusa ya kusikia vitu.

Tena alitaka sana iwe nzima. Siku kumi na mbili zilibaki kabla ya majaribio ya timu ya wanawake, na binti yake Cynthia alikuwa akifanya mazoezi kwa baiskeli ya chuma, nzito kama geti. Kwa geti lile asingemfikia mtu mlimani. Fremu hii ilikuwa bahati ya mtende.

Ililetwa na mzee Nshimiyimana wa Kicukiro, mtu mpole anayepitisha kapu la sadaka kanisani. Mwanawe Bertrand alikuwa mwendesha baiskeli wa mbio. Miaka sita iliyopita moyo wake ulisimama akiwa katikati ya mlima, na fremu ikabaki barazani kwa baba yake ikipauka.

"Naipatia mtoto yako bure," mzee alisema. "Lakini Mama Cynthia, naomba kitu moja. Jina isitoke. Paka langi kila mahali, pale uzunguke."

Jina lilikuwa kwenye bomba la juu, kwa herufi nyeupe zilizoandikwa kwa mkono: BERTRAND.

"Halitoki, mzee," Eustadia akaapa.

Ahadi ni deni, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzee alipokwisha kuondoka, Eustadia alilitazama lile jina na moyo ukamkataa. Mwanawe akashindane na jina la marehemu katikati ya magoti? Yeye Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, aliona huko ni kuukaribisha mkosi na kuupa kiti. Jumatatu, akielekea mjini kununua klia, ile rangi angavu ya kumalizia, alimwachia binti yake kazi.

"Cynthia!"

"Abee, Mama!"

Hivyo ndivyo alivyomlea. Walihamia Batsinda, Kigali, Cynthia akiwa bado mgongoni, lakini akiitwa na mama yake huitika abee, kama mabinti wa kwao.

"Lile jina litoe kabla sijarudi. Usugue kwa maji, na barakoa usoni. Vumbi la kaboni likiingia kifuani halitoki."

Aliporudi jina halikuwapo. Cynthia alikuwa amekaa juu ya ndoo, matundu ya pua meusi, akikohoa.

"Maji yalikatika, Mama. Na barakoa imekatika kamba. Nikaona ni jina moja tu, nikapitisha msasa haraka haraka."

Eustadia alimgombeza, akampa maziwa, akadhani yameisha.

Hayakuisha. Rangi ya bluu ilishika fremu nzima isipokuwa pale palipokuwa na jina. Hapo ilijikunja na kuacha vishimo, utadhani mtu amepapaka mafuta. Alisugua, akapuliza upya, ikajikunja upya. Siku ya tatu banda lake la kazi likaanza kunuka dawa ya kuchua misuli, ile inayochoma macho, ambayo waendesha baiskeli hujipaka miguuni kabla ya mbio. Dawa hiyo haikuwapo nyumbani kwao. Cynthia naye kikohozi kikamwangusha. Akawa anashinda kitandani akiutazama ukuta, miguu ikizunguka polepole chini ya shuka.

"Unaota mazoezi?" mama yake alimtania.

Cynthia hakucheka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Eustadia aliwahi kuondoka kwenye umuganda kwa sababu ya mgonjwa wake. Mtaa mzima ulikuwa bado kwenye kazi ya pamoja, maduka yamefungwa, barabarani hakuna hata pikipiki, ule ukimya ambao Kigali yote inaujua, na ndani ya ukimya huo, jembe lingali begani, akasikia kutoka bandani gurudumu likizunguka, tiki-tiki-tiki-tiki, mlio wa baiskeli ambayo mwenyewe ameacha kukanyaga, ukipungua hadi karibu na kusimama kisha ukianza tena, na katikati yake pumzi ya mtu anayepanda mlima, nzito, ya kukatikakatika, na alipousukuma mlango kwa ncha ya jembe aliiona fremu kwenye waya wake bila gurudumu hata moja, harufu ya dawa ikampiga usoni, na ile pumzi aliyoidhani iko mbele yake akaisikia sasa iko nyuma, upande wa nyumba.

Alikimbia ndani. Cynthia alikuwa amelala, kifua kikipanda na kushuka. Akampigia mzee simu.

Mzee Nshimiyimana alifika saa sita mchana, amebeba mfuko wa vitabu vya kwaya. Ndani ya mfuko mlikuwa na kidumu cha urwagwa, pombe ya ndizi. Alipoiona fremu alisimama.

"Ulitoa jina?"

"Niliogopa, mzee. Nisamehe."

Hakumfokea. Aliketi juu ya ndoo, akanong'ona, "Kanisani hawajui hii. Bertrand alikufa njiani, hakufika. Mtu ya hivyo hapumziki, anatafuta mahali ya kukaa. Mimi nikaandika jina yake pale, nikamwambia, kaa hapa, hapa iko kwako. Nikimwita anagonga. Mara moja tu. Sasa umebomoa nyumba yake, Mama Cynthia, amekuwa jini ya kutembea."

"Tufanyeje?"

"Naandika tena. Naita. Akigonga, amerudi."

Aliandika kwa brashi, herufi moja moja, na ajabu ni kwamba safari hii rangi ilishika. Akamwaga urwagwa kidogo chini ya fremu.

"Bertrand!"

Kimya.

"Bertrand, mwana wanjye!"

Kimya. Eustadia akachukua sarafu yake. Aligonga mara kumi na moja, akangoja mlio wa kumi na mbili, yeye aliyeukimbia, sasa akiuomba kwa Mungu uje. Haukuja.

"Ameondoka?" aliuliza, na tumaini likamjia.

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Vumbi ya jina. Mulitupa wapi?"

Eustadia aliitazama ile ndoo aliyokuwa amekalia Cynthia. Aliyakumbuka yale matundu meusi ya pua, na maneno yake mwenyewe ya Jumatatu: likiingia kifuani halitoki.

Mzee aligeukia nyumba. Hakupaza sauti, aliita tu kama baba anayemwita mtoto aje kula.

"Bertrand."

"Karame," ikaitika sauti ya Cynthia kutoka chumbani, kwa adabu, kama watoto wa Kinyarwanda wanavyowaitika wazazi wao. "Karame, Papa."

Kitanda kililia. Binti akatokea mlangoni, miguu mitupu, harufu ya dawa ya kuchua ikimtangulia. Alimpita mama yake bila kumtazama, akaweka mkono kwenye bomba la juu.

"Magurudumu yangu yako wapi?" akauliza. "Nilikuwa nimekaribia kileleni."

Mzee aliufunika uso kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia, na Eustadia, ambaye ni mzazi pia, aliona wazi kwamba ni kilio cha furaha.

"Cynthia!" akapiga kelele. "Cynthia! Cynthia, mwanangu!"

Aliita hadi majirani waliokuwa wakirudi na majembe yao wakasimama njiani. Hakuna aliyeitika abee.