Daftari la Nyumba ya Ziwani

Kila Jumamosi Lydie alipewa funguo na daftari. Kazi yake ilikuwa kushuka hadi kwenye nyumba yao ya pili, karibu na ziwa, afungue madirisha, aangalie kila chumba, kisha aandike alichokiona. Hakuna aliyeishi humo tangu bibi yake ahamie mji wa Bendera.

Jumapili moja Mama Éliane, wakala wa bima, alifika kwao na karatasi zake. Papa yake Lydie, fundi wa reli, alimkaribisha mezani.

"Papa Lydie, tuandike moto na wizi tu, ao tuongeze maji? Ziwa linapanda, unajua."

Papa alifungua daftari kwa fahari. "Tazama. Jumamosi saba: pakavu, pakavu, pakavu. Mutoto wangu ni biro kamili, ofisi nzima! Maji tuyaache."

"Basi atanipokonya kazi!" Mama Éliane alicheka.

Lydie hakucheka. Jumamosi nne za mwisho hakufika pale. Alikuwa akicheza kwa rafiki yake Bijou, na neno "pakavu" aliliandika huko huko, daftari likiwa juu ya goti.

Papa alichukua kalamu.

"Papa, usitie sahihi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikwenda. Mara nne sikwenda."

Papa hakumgombeza. Aliweka kalamu chini tu, na hilo lilimuumiza Lydie zaidi.

Walishuka wote watatu. Jikoni, ukuta ulikuwa umelowa hadi usawa wa magoti, na mkeka wa bibi ulikuwa umeoza. Lydie aliukunja bila kumtazama mtu.

"Ukuta huu hatutaulipia, umeharibika kabla ya bima," alisema Mama Éliane. "Lakini tukiuandika ulivyo, nanyi mkautengeneza, maji yakirudi tutalipa. Mngeuficha, msingepata kitu."

Papa alichagua moto, wizi na maji. Kisha akamrudishia Lydie daftari.

"Bado unaniamini, Papa?"

"Nusu. Nusu nyingine utaitafuta mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi. Mimi niko kazini, naiona nyumba hii kwa macho yako. Ukiandika usichokiona, unanifumba macho na mimi."

Lydie aliketi kizingitini. Alikata kwa kalamu "pakavu" nne, moja baada ya nyingine, na kando ya kila moja akaandika: "Sikufika."