Picha Aliyoiomba Mehrnigar

Asubuhi hiyo hapakuwa na wingu hata moja juu ya bonde la Hunza, kaskazini mwa Pakistani, lakini Rozina alisimama dirishani akiuliza mlima umekwenda wapi.

"Mlima gani?" aliuliza dada yake Mehrnigar, akiendelea kukanda unga.

"Rakaposhi. Naona mbingu tupu."

"Umekesha na kishikwambi tena. Kanawe uso."

Mehrnigar hakuwa na huruma nyingi kwa macho ya mdogo wake. Macho hayo yalimpeleka Rozina Lahore na Karachi, yakamtia magazetini. Miaka yote hiyo alichora kwenye kishikwambi, tabaka juu ya tabaka, theluji, mito, mashamba ya viazi, na watu wasiomjua wakamwita msanii. Mehrnigar, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliyempikia na kumfulia ili mikono yake ishike kalamu tu, hakuwamo katika picha hata moja.

"Mbuzi wa jirani kachorwa mara tatu," alizoea kusema. "Mimi sina pembe, ndiyo shida."

Baada ya mlima ukapotea mto, kisha malisho ya juu. Kila alichokuwa amekichora, Rozina hakukiona tena kwa macho yake. Na ndani ya nyumba, ambamo jiko lilikuwa la gesi, pakanuka moshi wa mreteni, mti wa milimani, na nyuma ya kioo cha kishikwambi kilichozimwa zikasikika kucha zikikwaruza barafu, taratibu, kama mtu anayekagua vitu vyake aone kipi kimeguswa.

Wakamwita Mzee Niyat, mganga anayesemeshwa na pari, wale majini wa vileleni. Alivuta moshi wa mreteni hadi macho yakageuka meupe, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke.

"Huko juu ni kwangu. Wanawake wenu hawakanyagi. Huyu kapanda kwa kalamu, kawaonyesha wageni uso wangu. Anachowapa wao, namnyang'anya yeye."

"Na akifuta?" Mehrnigar alinong'ona.

"Atarudishiwa."

Picha zote zilikaa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, si kwingineko. Rozina alizifuta moja moja akilia, na kila alipoinua macho dirishani kitu kimoja kilikuwa kimerudi mahali pake. Kazi yake yote ikaisha hivyo.

"Kalamu naiweka chini, dada."

"Iweke ukishanichora mimi. Mimi si mlima, pari hana lake kwangu."

"Naogopa."

"Mawe hukuyaogopa! Mimi ndiye wa kuogopwa?"

Rozina akamchora amesimama shambani kati ya miti ya matunda ya mishmishi iliyochanua. Alipoitia picha ukurasani na kuinua kichwa, alinyoosha mikono mbele kama anayepapasa gizani.

"Dada? Umetoka?"

"Niko mbele yako."

"Nakusikia, sikuoni! Futa, dada, shika ufute, mimi sitaki kuigusa tena!"

Mehrnigar akakichukua kishikwambi, na hapo akajiona, amesimama penye mwanga ambao hakujua kwamba mdogo wake aliwahi kuuona juu yake, na chini ya picha maneno yalikuwa yameanza kumiminika, mtu wa Lahore akiuliza mama huyu ni nani, mwingine wa Karachi akisema uso huu unaishinda milima yote, na mwingine, na mwingine, huku harufu ya mreteni ikipanda, safari hii ikitoka katika shali yake mwenyewe, na kidole chake kikabaki kinaning'inia juu ya alama ya kufuta.

"Umefuta?" Rozina aliuliza.

Mehrnigar alikigeuza kioo kikaelekea kifuani pake.

"Nimefuta."

"Mbona bado sikuoni?"

"Subiri kidogo, mpenzi wangu," alisema, akisogeza kidole ili asome linalofuata.