Kikombe cha Kiti cha Nyuma

Siku ya kwanza kikombe kilipokutwa kitupu, Shaban dereva alisema ni joto. Gari lilikuwa limesimama juani nje ya hospitali kule Mbeya tangu saa mbili asubuhi, vioo vimefungwa, na kikombe cha bati kilikuwa kimeachwa juu ya kiti cha nyuma na maji nusu. Yamekauka, basi. Imelda alikubali kwa sababu alitaka kukubali. Lakini alipokishika alikikuta cha baridi, baridi ya kitu kilichotoka mtungini sasa hivi, na ukingoni palikuwa na alama mbichi ya mdomo.

Imelda hakuwa nesi wala dereva. Alikuwa mwanamke wa Sogea, Tunduma, mwenye simu moja na kichwa kigumu. Figo za mama yake, Tabita, zilipokufa miaka miwili nyuma, madaktari walisema damu itasafishwa kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila wiki, mpaka mwisho wa maisha yake, na mashine yenye nafasi ilikuwa Mbeya. Basi la alfajiri halimngoji mgonjwa, na la mchana halimtaki mtu anayetapika. Imelda akawatafuta mjini wagonjwa wenzake na mama yake, akampata Shaban mwenye gari la Noah, akapanga ratiba. Anawaamsha kwa simu, saa kumi na moja gari linaanza kuokota watu, saa mbili kamili kila mmoja yuko kitandani na mashine inazunguka. Mvua, sikukuu, foleni ya malori, msiba, hakukosa hata siku moja. Sifa yake yote ilikuwa hapo, na balaa nalo liliingilia hapo hapo.

Walikuwa wanne: mama Tabita, mzee Gasper aliyekuwa fundi cherehani, bi Stumai aliyeuza vitenge, na Ezron, aliyekuwa akitoa mizigo forodhani na ambaye figo zake zilikufa lakini mdomo ukabaki mzima. Sasa ujue jambo moja kuhusu watu hawa. Mgonjwa wa namna hii hakojoi, kwa hiyo hanywi. Vikombe viwili vidogo kwa siku, na hesabu humo uji na mchuzi. Maji yakizidi hayana pa kutokea. Yanapanda mapafuni, na mtu anazama akiwa kitandani kwake, nchi kavu. Kiu yao si kiu yangu na yako. Ezron alisema wanaume wengine wanaota wanawake, yeye anaota bomba. Safarini, aliyeshika chupa ya maji alikuwa Imelda, na hakuna aliyeonja bila ruhusa yake.

Mwezi wa tisa, mzee Gasper aliomba maji wakiwa wamekwama kati ya malori karibu na Mpemba.

"Imelda binti yangu, funda moja tu."

"Mzee wangu, umeshakunywa yako. Vumilia tufike."

Aliomba mara tatu. Ya tatu hakumalizia neno. Malori yaliposogea alikuwa ameshakufa, ameegemea kioo cha kiti cha nyuma, mdomo wazi.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtafuna. Baada ya mazishi mama yake alimwita jikoni. "Kwetu Igamba mtu akifa na hamu ya kitu, anawekewa," alisema. "Weka maji kwenye kiti chake, mkifika pale alipokatia roho yamwage, mwambie nenda salama. Mara moja tu, mwanangu. Umesikia?"

Imelda alisikia. Jumatatu akaweka kikombe, akamwaga maji pale Mpemba, akalia, moyo ukatulia kidogo. Jumatano uchungu ulikuwa umerudi palepale. Akaweka tena. Ijumaa pia, na safari hizi hakumwaga. Aliona kuyamwaga ni kumnyang'anya mzee mara ya pili. Kosa kama lile lingeweza kufanywa na Imelda peke yake, kwa maana kitu akikifanya Jumatatu, kwake tayari ni ratiba. Mama, aliyekaa mbele, hakujua. Ezron, aliyekaa jirani na kiti kile, alikiona kikombe akadhani ni mapenzi. Mara ya kwanza ulikuwa unamuaga marehemu. Mara ya pili unakaribisha, na humjui atakayeitika. Mzee Gasper alikuwa ameshakwenda zake kwa amani. Aliyeitika alikuwa mwingine.

Baada ya kikombe kukutwa kitupu ikaja harufu. Ilikuwa Oktoba, vumbi jekundu kila mahali, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mvua bado, lakini ndani ya Noah palinuka tope la mtoni. Shaban aliosha mazulia, akaanika, akaosha tena. Kiti cha nyuma kikawa kinalowa. Ukikibonyeza kwa kiganja, maji yanachuruzika kati ya vidole, na baada ya dakika moja kiti ni kikavu na mkono wako ni mkavu.

Kisha sauti. Ilikuwa mchana kweupe, saa nane, wanarudi nyumbani na jua kali la Mlowo, wagonjwa wamechoka wamelala, redio imezimwa, na nyuma kabisa mtu akaanza kunywa. Alikunywa kwa raha, mafunda makubwa, koo likigugumia, akipumua katikati kama mkulima aliyetoka shambani. Shaban alitazama kioo cha ndani. Ezron alikuwa macho, amejikunyata dirishani, mkono mdomoni.

"Dada Imelda," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na utani ndani yake. "Mwambie aache. Mwambie asinywe mbele yetu."

"Nani, Ezron?"

"Usigeuke."

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, na kikombe kilikuwa kinayumba.

Siku hiyo alikitupa kikombe mtaroni. Haikusaidia kitu. Jumatatu iliyofuata bi Stumai alipanda mzani hospitali akawa amezidi kilo sita. Nesi akamgombeza kama mtoto: umekunywa ndoo? Stumai akaapa, wallahi, nusu kikombe tangu jana. Walipokuwa wanarudi alimvuta Imelda karibu, akamnong'oneza.

"Mdogo wangu, nikikuambia usinicheke. Tukipita Vwawa napitiwa na usingizi. Nahisi mtu ananiinua kichwa kutoka nyuma, taratibu, anavyofanya mama kwa mtoto mwenye homa. Ananiwekea kikombe mdomoni. Najua sitakiwi. Nikiamka midomo imelowa."

"Mkatalie, bi Stumai."

Stumai alimtazama kwa huruma. "Wewe hujawahi kuwa na kiu," alisema.

Jumatano alizidi kilo nane na pumzi ilikuwa inakoroma. Ijumaa Imelda alikaa naye bega kwa bega, akamshika mikono yote miwili, akamsemesha njia nzima asilale, vitenge, wateja, wajukuu, lolote, na Stumai akajibu vizuri mpaka nyumba za Vwawa zilipoanza kuonekana, hapo macho yakamlegea na kichwa chake kikainuka chenyewe kutoka kwenye kiti, kikashikiliwa hewani na mkono ambao haukuwepo, koo lake likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, huku Imelda akipiga kelele na kumtikisa na kumziba mdomo kwa kiganja na kuyasikia maji ya baridi yakimpita katikati ya vidole, na Shaban akikanyaga mafuta bila kujua anamkimbia nani, kwa kuwa aliyekimbiwa alikuwa ndani. Stumai alikufa kabla ya Mlowo. Povu lilimtoka mdomoni, jekundu kidogo, na uso ulikuwa umeridhika kabisa.

Hapo Imelda alimweleza mama yake ukweli wote. Tabita hakumgombeza. Alisema tu, "Nilikuambia mara moja."

Mchungaji wa mama alikuja akaliombea gari, akalipaka mafuta. Jumatatu tope likanuka zaidi. Shaban aliking'oa kiti cha nyuma akakichoma, na safari iliyofuata unywaji ukasikika kutoka kwenye bati tupu la sakafu. Ndipo akamleta Maalim Abdulwahab, mtu mpole wa Majengo, ambaye watu walisema ameshawatoa majini wengi.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, uani kwa Shaban. Maalim alifungua milango yote, akafukiza ubani, akamketisha mama Tabita ndani ya gari kwa sababu mama mwenyewe alitaka, akaanza kusoma. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Ubani ule mwingi ulizunguka gari bila kuingia. Kisha mama Tabita akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kutisha, na ndiyo maana ilitisha. Ilikuwa sauti ya mgeni mwenye adabu zake.

"Msinifukuze kama mwizi. Mimi nimekaribishwa."

"Nani aliyekukaribisha?" Maalim aliuliza.

"Binti wa huyu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hakukosa siku, nami sikosi."

"Unataka nini kwao?"

"Nitake nini kwa watu ambao hawana kitu? Mimi nawapa wanachotaka wao."

Maalim alisoma tena, akatoka jasho, mwishoni akafunga kitabu. Alimwita Imelda pembeni, na alipozungumza hakumtazama usoni.

"Binti, huyu hakai kwenye kiti. Hata garini hakai. Amekaribishwa kwenye safari. Ukikodi gari jingine atapanda, ukipanda basi atapanda. Mkihamia Mbeya jirani na hospitali, kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ni safari pia, na siku ni zile zile. Dawa ninayoijua ni moja. Safari isimame. Siku arobaini mfululizo, asiende mtu. Akikosa mwenyeji ataondoka."

"Maalim, mama yangu hawezi kukaa siku kumi."

"Najua," alisema Maalim. Hakupokea hata soda.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia la kuvunda halina ubani, na Imelda aliijua maana yake jioni ile akiwa amesimama katikati ya moshi.

Walijaribu. Jumatatu hawakwenda, Jumatano hawakwenda. Uso wa Tabita ulivimba, miguu ikawa inabonyea ikibonyezwa, Alhamisi hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea ukuta akivuta pumzi moja moja. Ezron alipiga simu akilia, akasema bora jini kuliko hivi. Imelda alimtazama mama yake, akaona kwamba atamuua kwa kumlinda. Ijumaa akamwambia Shaban awashe gari, wampitie Ezron.

Mama aliomba alazwe nyuma, pale palipong'olewa kiti.

"Mama, huko hapana."

"Imelda," mama alisema kwa upole, "miaka miwili nalamba barafu. Miaka miwili namwona mwanangu amebeba chupa, naogopa kumwomba asijisikie vibaya. Nimechoka, mama'ngu. Acha nilale."

Walimtandikia godoro. Imelda aliketi naye akampakata kichwa, na safari hii hakukuwa na usingizi wala mkono wa kujificha, kwa sababu Tabita alikuwa macho, walipopita Vwawa alikuwa macho akitabasamu kwa kitu kilichokuwa juu ya bega la mwanawe, akafungua mdomo mwenyewe, akanywa, na Imelda akamwambia mama usinywe, mama nakuomba, mama tutafika, tumebakiza kidogo, akamgeuza uso huku na huku lakini maji yalimfuata popote, yakamtiririka kidevuni na kifuani, baridi na safi, na mama akashusha pumzi kati ya mafunda akasema, "Maji ya Igamba haya. Ya kisima cha baba." Akanywa tena. Mlimani juu ya Mbalizi akasema, "Nimeshiba, mwanangu," na hakusema kingine.

Walimzika Igamba. Imelda alikaa msibani siku tatu, akanywa maji mengi na kila funda lilimchoma. Alikuwa ameamua. Safari zimekwisha, siku arobaini zianze kuhesabiwa.

Siku ya nne Ezron alipiga simu. Sauti yake ilikuwa inatoka kwa shida. "Dada Imelda, pole na msiba. Kesho ni Jumatano." Akapumua. "Mimi bado ni mzima, dada."

Afanyeje? Wewe ungefanyaje? Akawaamsha kama kawaida.

Alfajiri ile palikuwa na abiria mpya. Aliitwa Eva, miaka ishirini na mbili, wa Isongole. Figo zilimharibikia baada ya kujifungua, na walikuwa wamehamia kwa shangazi yake Majengo ili wawe karibu na gari. Mama yake alisimama barabarani amembeba mjukuu mgongoni. Alipomwona Imelda alipiga magoti vumbini, akamshika mikono.

"Asante mwanangu. Mungu akuweke. Wiki tatu alizolazwa Mbeya tunatafuta nafasi, kila mtu anasema magari hakuna. Nimeambiwa wewe hukosi siku."

Imelda alimwinua. Harufu ya tope ilishajaa ndani ya Noah. Ezron, aliyekwisha kupanda, alitazama magoti yake. Eva aliweka mguu mmoja mlangoni, akasita.

"Dada, samahani," alisema kwa sauti ndogo, mama yake asisikie. "Ni kweli wanayosema watu kuhusu gari hili?"

Imelda alimtazama yule mtoto mgongoni mwa bibi yake, amelala, kofia ya sufu imemziba jicho moja. Akikataa kumpakia, msichana huyu ana siku kumi. Akimpakia, labda ana mwezi.

"Watu wana maneno," alisema. "Panda."

Akamfungia mlango, akamwambia Shaban waondoke, maana foleni ya malori ilikuwa ndefu na saa mbili kamili mashine zingekuwa zinawangoja.