Kilio cha Phanice

Jeneza lilikuwa tupu, na bado wanaume sita walilibeba wakihema.

"Nyinyi mmekunywa chai bila mkate," Gibson akawacheka. Filamu ilikuwa yake, kamera yake, na mdomo pia wake. Kitu kimoja tu alikipenda duniani: uhalisia. Kwa hiyo jeneza lilikuwa la fundi kweli, na kaburi lilichimbwa kweli, futi sita, katika migomba ya mzee Manasseh huku Kenyenya.

Manasseh aliwapa boma lake kwa sharti moja. Huku kwetu, kaburi likishachimbwa halilali njaa. Kama hakuna maiti, hulazwa gogo la mgomba. Akalitia gogo jenezani kwa mikono yake. Mzee alipokwenda kunywa chai, Gibson akalitoa akalitupa, maana lilibiringika likaharibu sauti. Na tangu litoke, jeneza likazidi uzito.

Phanice, mchuma chai, ndiye aliyeigiza mama aliyefiwa. Kuchekesha watu alijua, lakini kulia? Mara saba alilia kama mbuzi anayeburutwa sokoni, macho makavu, watu wakaziba midomo wasicheke.

Gibson akamsogelea. "Dada, mtoto wako anaitwa nani?"

"Emily."

"Basi mlilie Emily. Taja jina. Ukishindwa nitamwita Tryphosa. Yule hulia hata akisalimiwa."

Kila aliyesimama pale alijua kwamba mtu aliye hai haliliwi kilio cha msiba. Kila mmoja akashika kazi yake. Posho ilikuwa haijatolewa. Phanice naye alikuwa amekwishawatangazia wanawake wote wa kituo cha majani chai kwamba wataiona sura yake. Akafumba macho, akamwona Emily wake wa miaka sita ndani ya lile jeneza, akapiga ukemi kwa jina lake, ukemi uliowafanya majirani watupe vikapu waje mbio wakijua kumefiwa. Aliponyamaza avute pumzi, ndani ya jeneza mtu akashusha pumzi, kama aliyeonja chakula kitamu.

Jioni hiyo Emily alikutwa mlangoni, sare yake safi, lakini ananuka udongo mbichi. Uji akaukataa.

"Mama," akanong'ona, "nani ananiita kule kwa migomba?"

Siku ya tatu udongo ulikuwa nyweleni hata baada ya kuoshwa, ukawa masikioni, ukawa chini ya ulimi, na akikohoa kilitoka kitonge chekundu chenye mizizi, na mchana kweupe, jua likiwaka, jembe likasikika likichimba chini ya kitanda chake, taratibu, bila haraka, kama mchimbaji anayejua kwamba mwenye kaburi hana pa kukimbilia. Phanice akampigia Gibson simu akimsihi afute ile picha. Gibson akamwambia kilio kama kile hakifutwi.

Ikabaki kwenda kwa bibi Gesare, mganga ambaye wazee wa kanisa humcheka hadharani kisha huingia kwake kwa mlango wa nyuma.

"Ni jini la shimo," Gesare akasema polepole. "Mliliandalia, mkalinyima. Sasa limeshika jina. Lipe gogo, ulilie kwa jina lile lile. Lakini sikia, mwanangu, hilo haliamini maigizo. Likiona uongo, litamchukua mtoto mwenyewe."

Wakarudi kwenye lile kaburi, wakalivisha gogo gauni la Sabato la Emily. Mtoto mwenyewe alikuwa mapajani kwa Manasseh, akikoroma udongo. Phanice akaanza, na kilio kikatoka kile cha mbuzi. Shimoni kitu kikacheka. Pumzi ya Emily ikakatika, ikarudi kwa shida.

Hapo Phanice akaacha kulia. Akapiga magoti, akalipakata gogo, akalisimulia: mvua ya usiku lilipozaliwa, jino la kwanza lililomng'ata titi, surua, wimbo lililoimba kanisani likasahau katikati, jinsi lilivyopenda ngozi ya ndizi kuliko ndizi, akalisimulia mpaka gogo likawa na uso, likawa na joto, likapoa tena mikononi mwake, na alipoinua kichwa kilio kilichomtoka kiliwafanya hata waliojua ni gogo wamlilie mtoto. Shimo likashusha pumzi. Wakalifukia upesi.

Emily akakohoa mara moja, akaomba uji. Manasseh akacheka huku machozi yakimtiririka. Mtoto akateleza mapajani mwake, akakimbia, akaikumbatia sketi ya mama yake.

Phanice akamtazama. Akampangusa udongo shavuni kwa upole, kama ambavyo mtu angempangusa mtoto wa jirani.

"Asante kwa kuja, mtoto mzuri," akasema, sauti imemkauka. "Ulikuwa unasoma na Emily wangu?"