Rufaa ya Chaki

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kubadilisha sare, msichana mmoja alipitia karakana ya mama yake kupaka mafuta kwenye kalibu za kuumbia chaki. Ni kazi ndogo, lakini ukiilipua, chaki zinang'ang'ania ndani na kukatika vipande. Wanawake wanne walikoroga jasi na maji, wakaimimina upesi kabla haijaganda, kisha wakazitoa chaki na kuzianika juani. Unga mweupe uliingia kila mahali: kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye madaftari ya hesabu. Ndiyo maana shuleni walimwita Chaki, na yeye akaitika tu. Angefanyaje?

Baba yake alikuwa amefariki. Aliyebaki wa kuitwa baba ni Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, mwenye kiwanda kikubwa cha rangi na jasi upande wa pili wa mji. Kila Jumapili alikuja kuwajulia hali. "Wewe, mbona umezeeka? Mvi zote hizo!" alimtania Chaki huku akimpangusa unga kichwani. Mama alinunua jasi kwake kwa bei ile ile ya wateja wengine, na ndani ya karakana Baba Mkubwa hakuwahi kumpangia mtu kazi.

Mwaka huo serikali ilitangaza zabuni ya kupeleka chaki katika shule zake. Ilisema wazi kwamba ni ya karakana ndogo tu, ili wadogo nao wapate kupumua. Mama aliomba, akashinda, na karakana nzima ikapiga vigelegele. Furaha yenyewe haikudumu. Mshindani mmoja alilalamika kwamba Mama si mdogo hata kidogo, kwamba karakana yake ni tawi la kiwanda cha shemeji yake. Ofisi ya zabuni ilikubali, ikamwengua. Aliambiwa kama hakuridhika akate rufaa.

"Kazi hii ikienda, tunafunga," Mama aliwaambia wale wanawake. Hakuwaficha, maana wateja wengine walikuwa wamekwishahamia kwa wenye mashine.

Hapo ndipo alipojitokeza mtu aliyeitwa Bwana Mihuri, ambaye alishinda nje ya ofisi za serikali akiwaandikia watu barua. "Mama, hii ni rahisi kama kunywa maji," alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Kinachowaponza ni undugu. Andikeni kwamba mlikosana tangu msiba, hamtembeleani, hamsalimiani. Ndugu waliokosana, nani atasema wanafanya biashara pamoja? Kwisha!"

Mama hakupenda, lakini hakumfukuza. Baba Mkubwa naye, alipoitwa, alikuna kichwa tu. Mwishowe waliyaandika maelezo hayo katika barua ya rufaa, wote wawili wakatia saini. Kisha Mama akamwita Chaki.

"Kuanzia leo Baba Mkubwa haji hapa. Ukimkuta njiani, pita kama humjui."

"Hata shikamoo?"

"Hata shikamoo. Ni kwa muda tu."

Asikudanganye mtu, kuigiza ugomvi ni kazi chafu. Siku moja walikutana dukani. Chaki aligeuza uso akazikodolea macho sabuni kwenye rafu, na Baba Mkubwa akalipa na kuondoka bila kungoja chenji. Majirani waliona, nao wakaanza kazi yao: huyu kasema hivi, yule kajibu vile. Kalibu ya chuma ilipomwangukia Chaki mguuni hata akashonwa, Baba Mkubwa hakutokea. Mama alikasirika kwelikweli. "Hata kama tunaigiza, mtu anashindwa kutuma salamu?" Kumbe huko nako Baba Mkubwa alikuwa amesikia kwamba Mama anamsema vibaya mitaani, naye akanuna. Ugomvi uliobuniwa mezani ukawa ugomvi wa kweli, na usiku Chaki alilia chini ya shuka.

Siku ya kusikilizwa rufaa shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Chaki alimsindikiza Mama akiwa amebeba boksi la sampuli. Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza ndefu na feni iliyolia kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya upole. Mama alisema yale aliyofundishwa. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia shahidi. Alikuwa Baba Mkubwa, naye alikuwa amekonda.

Chaki alijikuta amesimama. "Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Mguu umepona?"

Loo! Bwana Mihuri, aliyekaa pembeni, alifumba macho.

Mama alidakia haraka. "Mheshimiwa, mtoto amefunzwa adabu. Anamsalimia mtu mzima yeyote."

"Na mguu je?" mwenyekiti aliuliza. Kisha akamgeukia Chaki. "Binti, sikulazimishi. Unamfahamu mzee huyu?"

Chaki alimtazama Mama, na Mama akatazama meza. Aliwakumbuka wale wanawake wanne wanaosubiri habari karakanani. Neno "hapana" lilikuwa jepesi, lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini Baba Mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, na Chaki hakuweza.

"Ni baba yangu mkubwa," alisema akilia. "Hatukugombana. Tuliambiwa tugombane."

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, nani anaajiri watu katika karakana yako? Nani anapanga bei?"

"Mimi, mheshimiwa. Jasi nanunua kwake kama wateja wengine. Risiti ninazo zote."

"Basi hilo ndilo tulilotaka kujua tangu mwanzo. Hakuna aliyekukataza kuwa na shemeji. Tuliuliza kama shemeji ndiye bosi wako. Kwa risiti hizo ungeshinda." Alivaa miwani tena, naye alionekana kuumia. "Lakini umetudanganya kwa maandishi. Siwezi kumpa kazi ya umma mtu aliyefanya hivyo."

Rufaa ilitupwa, na Mama akafungiwa kuomba zabuni kwa mwaka mzima. Walipomtafuta Bwana Mihuri, kiti chake kilikuwa kitupu.

Jioni hiyo Mama aliwakusanya wanawake karakanani na kuwaeleza yote, bila kumsingizia mtu. Wawili ilibidi waondoke. Walifunga vitenge vyao na kutoka bila kuaga, na hakuna aliyewalaumu. Wawili waliobaki walikubali kuzungusha chaki katika shule za watu binafsi, na Baba Mkubwa, aliyekuwa amerudi pamoja nao, akaahidi kuwaonyesha njia za huko, hadharani na mchana kweupe.

"Mama," Chaki alisema, "ningenyamaza tungepata."

"Tungepata, kisha tungeendelea kununiana mpaka lini? Mpaka mmoja wetu azikwe?" Mama alimvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Ukweli wetu ulikuwa unatosha. Mimi ndiye niliyeuona mdogo, nikauongezea uongo, na uongo huo ndio uliotuangusha. Zabuni zitatangazwa tena. Lakini nilimfundisha mtoto wangu kumkana baba yake ili niuze chaki. Hilo ndilo linaloniuma."